Baa Iitwayo Dana's

Katika msimu wa kwanza wa The L Word: Generation Q, ulioanza kurushwa Marekani tarehe 8 Desemba 2019, Shane McCutcheon ananunua baa jijini Los Angeles na kuipa jina Dana's. Mtazamaji mpya angeweza kudhani ni jina tu, kama vile baa nyingi zinavyopewa jina la mtu. Waliotazama tamthilia ya kwanza walijua kwamba lile lilikuwa jiwe la kaburi.

Dana Fairbanks, aliyeigizwa na Erin Daniels, alikuwa mchezaji tenisi. Tulipokutana naye mwaka 2004 alikuwa akijificha, akihofia wadhamini wake wangesema nini wakijua anapenda wanawake. Alikuwa mcheshi bila kukusudia, mwenye aibu, mwenye kupenda kupita kiasi. Mwaka 2006, katika msimu wa tatu, waandishi walimuua kwa saratani ya matiti. Watazamaji walilia, kisha wakakasirika, na wengine hawajasamehe hadi leo. Ukitaka kujua kama mtu ni shabiki wa kweli wa The L Word, mtajie Dana umwangalie usoni.

Kiswahili hakitenganishi kufufua tamthilia na kufufua maiti. Kitenzi ni kimoja, na katika habari hii kinafaa kwa maana zote mbili. Tamthilia iliyozimwa mwaka 2009 ilipowashwa tena baada ya miaka 10, iliwakuta wafu wake wanaisubiri: Dana, Jenny, na wengine ambao hawakufa bali walitendewa vibaya na waandishi kiasi kwamba ingekuwa afadhali wangekufa. Ninasoma historia ya vyombo vya habari katika shahada ya uzamili, na kila ninapoirudia Generation Q naiona kwanza kama ombi la msamaha lililogawanywa katika misimu 3. Kuomba msamaha kwenye runinga, mbele ya watu wanaolipa kila mwezi, ni kazi ngumu.

Tuanze na lile ombi lilikuwa la kosa gani.

The L Word ilianza tarehe 18 Januari 2004 kwenye kituo cha Showtime. Miezi 7 tu kabla ya hapo, Juni 2003, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imetoa hukumu katika kesi ya Lawrence dhidi ya Texas na kufuta sheria zilizofanya tendo la ndoa kati ya watu wa jinsia moja kuwa jinai. Hadi wiki hiyo majimbo zaidi ya 10 yalikuwa bado na sheria hizo vitabuni. Mei 2004 Massachusetts likawa jimbo la kwanza kufungisha ndoa za namna hiyo. Kwa hiyo Bette na Tina walipoingia sebuleni mwa Wamarekani wakiwa mke na mke wanaotafuta mtoto, waliingia mlango ukiwa umefunguliwa juzi, rangi yake haijakauka.

Tamthilia hii iliwezekana kwa sababu ya pesa, na hili tusilipite haraka. Mwaka 1997 Ellen DeGeneres alimfanya mhusika wake kwenye kituo cha ABC atamke hadharani kwamba anapenda wanawake. Mwaka uliofuata kipindi kikaondolewa hewani. ABC kiliishi kwa matangazo, na mtangazaji wa sabuni huogopa barua za waumini. Showtime hakikuwa na mtangazaji wa kumwogopa, kwa kuwa kiliishi kwa ada za wanaokilipia. Kilichohitaji ni watu wenye sababu ya kulipa, na kundi ambalo halijawahi kuonyeshwa popote lina sababu kubwa kuliko wote. Tangu mwaka 2000 kituo hicho kilikuwa kimelijaribu wazo hilo kwa Queer as Folk, tamthilia ya wanaume iliyokuwa na wanawake wawili wapendanao pembeni. Ilene Chaiken, pamoja na Michele Abbott na Kathy Greenberg, waliwatoa wanawake pembeni na kuwaketisha katikati.

Nyuma yao kulikuwa na kizazi kingine. Rose Troche, aliyeongoza sehemu ya kwanza kabisa, na Guinevere Turner, aliyekuwa miongoni mwa waandishi na waigizaji, ndio waliotengeneza Go Fish, filamu ndogo ya mwaka 1994 isiyo na rangi, iliyopigwa Chicago kwa bajeti ya kuokoteza. Ukiitazama Go Fish kabla ya The L Word utaona mbegu: marafiki wa kike wamelala vichwa vimekutana, wanasengenya nani anafaa kulala na nani. Miaka 10 baadaye mazungumzo yaleyale yalivalishwa nguo za bei mbaya na kuhamishiwa Los Angeles, au tuseme Vancouver, maana sehemu kubwa ya lile jua la California lilipigwa picha Kanada.

Na jina lenyewe? Neno la L ni lile neno ambalo mtu mstaarabu halitamki, kwa hiyo hutaja herufi yake ya kwanza tu. Kwetu neno lipo na linatamkwa, shida yake ni namna linavyotamkwa. Msagaji limetoka kwenye kusaga, kazi ya jiwe na nafaka. Kiarabu nacho kina neno la kale lenye mzizi wa maana hiyohiyo ya kuponda. Ni neno lenye umri mkubwa, wala halikuja na filamu za Wazungu kama tunavyoambiwa kila mara, lakini limetupwa kama jiwe mara nyingi mno kiasi kwamba mimi hulitumia nikiwa sina budi. Neno ninalolipenda ni shoga. Bibi wa pwani akisema "huyu shoga yangu" anamsema mwanamke mwenzake wa chanda na pete, wa siri na wa kukopeshana kanga. Siku hizi mjini neno hilo limegeuzwa tusi la kumtupia mwanamume. Lakini ile maana ya kibarazani ndiyo The L Word yenyewe. Ukiondoa mapenzi, talaka na usaliti, kinachobaki ni ushoga wa Bette, Shane, Alice na wenzao, wakikaa mkahawani The Planet kila asubuhi kana kwamba hakuna hata mmoja mwenye kazi ya kwenda.

Alice, mwandishi wa habari, alikuwa na kitu alichokiita The Chart: ramani ya majina yaliyounganishwa kwa mistari, kila mstari ukionyesha waliowahi kulala pamoja. Madai yake yalikuwa kwamba ukifuata mistari vya kutosha utamfikia kila mtu. Mwaka 2007 Showtime na Chaiken waliigeuza ramani hiyo kuwa mtandao halisi wa kijamii, OurChart, uliodumu hadi mapema 2009. Wanawake walioishi peke yao kwenye miji midogo waliingia humo kutafutana. Inachekesha, na pia si mzaha: kulikuwa na watu ambao jina lao lingekuwa kwenye ramani kwa mara ya kwanza.

Sasa makosa. Watu hawa walikuwa wembamba, wenye fedha, na wengi wao weupe. Inajulikana kwamba ni Jennifer Beals mwenyewe aliyeomba Bette awe mtoto wa baba mweusi na mama mzungu, kama alivyo yeye. Bila ombi hilo kundi lingekuwa jeupe zaidi. Lakini kosa lililowachoma watu zaidi lilikuwa Max. Aliingia mwaka 2006 akitokea Illinois, maskini miongoni mwa matajiri, na akaanza safari ya kubadili jinsia ili aishi kama mwanaume alivyojijua. Waandishi walimpa sindano za testosteroni na papo hapo wakamfanya mkali, mwenye wivu, wa kuogofya, kana kwamba hasira iko ndani ya chupa ya dawa. Marafiki zake walimcheka. Katika msimu wa mwisho walimpa ujauzito, wakamwondolea mpenzi, wakamwacha hapo. Kwa vijana wengi waliobadili jinsia, Max alikuwa mtu wa kwanza wa aina yao kumwona akirudi wiki baada ya wiki kwenye runinga. Walichojifunza ni kwamba mashoga zako watakuvumilia, kwa shida.

Kisha Jenny Schecter. Msimu wa sita ulianza Januari 2009 kwa Jenny kukutwa amekufa kwenye bwawa la kuogelea, na ukaahidi kutueleza aliuawa na nani. Haukutueleza. Tamthilia iliisha tarehe 8 Machi 2009 wahusika wakitembea barabarani wakitabasamu kwa kamera. Baadaye video za mahojiano ya polisi ziliwekwa intaneti, nazo hazikusema kitu. Chaiken alipiga sehemu ya majaribio ya tamthilia nyingine, The Farm, ambamo Alice angekuwa gerezani, na Showtime kikaikataa. Misimu 6 ya uaminifu, na mwisho wake fumbo lisilo na jibu. Nimesoma hoja za kuutetea mwisho ule kama sanaa. Sikushawishika.

Kati ya 2009 na 2019 dunia iliyoizaa tamthilia ilibadilika kwa namna mbili zinazopingana. Upande mmoja sheria ilifunguka. Novemba 2008 wapiga kura wa California walikuwa wamepiga marufuku ndoa za jinsia moja kupitia Pendekezo la 8, kwa hiyo msimu wa mwisho ulirushwa wakati Bette na Tina wasingeweza kuoana katika jimbo lao wenyewe. Juni 2015 Mahakama ya Juu ikaziruhusu ndoa hizo nchi nzima. Upande wa pili, mahali pa kukutania palifungwa. The Palms, baa kongwe ya wanawake huko West Hollywood, ilifunga milango mwaka 2013. Marekani nzima, baa za aina hiyo zilizokadiriwa kuwa takribani 200 katika miaka ya 1980 zilishuka hadi chini ya 25 kufikia mwaka 2020. Kodi za nyumba zilipanda, mapenzi yakahamia kwenye simu. Kwa hiyo Shane anaponunua baa na kuifanya ya wanawake, ananunua kitu ambacho mjini mwake kilikuwa kimekwisha. Ndiyo maana nasema Dana's ni kaburi mara mbili.

Kwenye runinga nako vifo viliendelea. Machi 2016, katika The 100, Lexa aliuawa kwa risasi iliyopotea mara tu baada ya kulala na mwanamke aliyempenda. Safari hii watazamaji hawakulia vyumbani mwao. Walikusanya orodha za wahusika wa kike wapendao wanawake waliouawa na waandishi, mwaka baada ya mwaka, na Dana alikuwa humo. Hasira hiyo ilikuwa hewani mwaka 2017 ilipotangazwa kwamba The L Word huenda ikarudi. Ilikuwa pia enzi ya kufukua kila kitu: Will & Grace ilirudi 2017, Roseanne 2018. Januari 2019 Showtime kikaagiza rasmi. Chaiken alibaki kama mtayarishaji mkuu, lakini kalamu ilikabidhiwa kwa Marja-Lewis Ryan, mtu wa kizazi kilichokua kikiitazama tamthilia ile, kuipenda, na kuikasirikia.

Na ninyi mliokuwa Nairobi mlikuwa wapi, mtaniuliza. Tulikuwa dukani. Mwaka 2016, nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, ulikuwa unapeleka flashi yako kwenye duka la filamu karibu na hosteli, unajaziwa misimu unayotaka. Muuzaji wetu aliiandika "L World", na aliiweka baina ya tamthilia za Korea na za mieleka. Hakuuliza kitu. Tuliitazama watu wanne kitandani, sauti ikiwa chini, mmoja akiwa na kazi ya kusikiliza mlango. Sikuwajua watu wanaoishi kama Bette. Lakini ile namna Alice anavyomkatiza Dana maneno, nilikuwa nayo pale pale kitandani.

Miaka miwili baadaye tulipata ya kwetu, ikadumu wiki. Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu iliyotokana na hadithi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, ilipigwa marufuku Kenya Aprili 2018, ikaonyeshwa Cannes Mei, ikiwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwenye tamasha hilo. Septemba Mahakama Kuu iliiruhusu kuonyeshwa kwa siku 7 ili ikidhi masharti ya kuwania Oscar. Kumbi zilijaa. Siku ya nane ikatoweka. Kahiu ameeleza kwamba jina lilichaguliwa kwa sababu hapa mpenzi wa jinsia yako hutambulishwa hivyo: huyu ni rafiki yangu. Mei 2019 Mahakama Kuu hiyohiyo ikakataa kuvifuta vifungu vya Kanuni ya Adhabu ambavyo Waingereza walitumegea. Desemba mwaka huo Generation Q ikaanza. Wamarekani walikuwa wanalumbana kama tamthilia yao ya misimu 6 ilistahili kufufuliwa. Sisi tulikuwa na dakika 80 na ushei.

Turudi Los Angeles. Bette sasa anagombea umeya. Alice ana kipindi chake cha runinga. Shane anarudi mjini akiwa tajiri na ndoa iliyovunjika. Pembeni yao kuna vijana: Dani, Sophie, Finley, na Micah, mwanaume aliyebadili jinsia, anayeigizwa na Leo Sheng, ambaye naye amebadili jinsia. Tess wa baa anaigizwa na Jamie Clayton, mwanamke aliyebadili jinsia. Wahusika wengi ni Walatino, Waasia, Wairani. Ukiwa na orodha ya malalamiko ya 2009 mkononi unaweza kuweka alama moja baada ya nyingine, na hapo ndipo tatizo la kisanaa lilipojificha. Micah kwa muda mrefu ni mtu mwema tu. Walimwogopa. Walikuwa wamemwumiza Max kiasi kwamba mrithi wake hakuruhusiwa kuwa na ila, na mhusika asiye na ila ni mgeni aliyeketi sebuleni akingoja chai.

Kuhusu Jenny, tuliambiwa kwa maneno machache kwamba alijiua. Miaka 10 ya fumbo ikafungwa kama mtu anavyofunga droo iliyokwama, kwa goti. Na kabla hata ya kuzika wafu wa zamani, waliofufua walifika na jeneza jipya: Kit Porter, dada yake Bette, aliyeigizwa na Pam Grier, alikuwa ameshafariki kwa kuzidisha dawa za jamii ya afyuni, nje ya kamera. Kampeni ya Bette ya umeya ilijengwa juu ya msiba huo. Naelewa sababu. Janga la dawa hizo lilikuwa linaiangamiza Marekani na mwanasiasa anahitaji jeraha. Lakini Kit ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri kundini, mwanamke mweusi aliyeshinda ulevi, mwenye The Planet ambako wote walikula kwa miaka. Kumrudisha kama picha ukutani, na katika tamthilia iliyokuja kutubu vifo, ni kitu ambacho sijapata maelezo yake ya kuridhisha.

Kilichofanikiwa zaidi ni kile ambacho hakikuwa malalamiko ya mtu yeyote. Angie alizaliwa mwishoni mwa msimu wa pili, mwaka 2005. Mbegu zilitoka kwa Marcus Allenwood, msanii mweusi, na katika msimu wa kwanza Tina, mzungu, alishtuka alipomwona, tukio ambalo hadi leo halitazamiki bila kubana meno. Katika Generation Q, Angie, akiigizwa na Jordan Hull, ni msichana wa sekondari anayeanza kumtafuta Marcus. Mama zake wote wawili wanaogopa, kila mmoja kwa hofu yake. Tamthilia ya kwanza ilikuwa imeuliza kama wanawake wawili wanaweza kupata mtoto. Swali hili la pili, kwamba mtoto mwenyewe atataka nini, lilihitaji miaka ipite. Hakuna njia nyingine ya kuliandika. Nikiulizwa kwa nini tamthilia zifufuliwe, nitajibu kwa ajili ya Angie.

Max alirudi mwaka 2022, katika msimu wa tatu, akiigizwa tena na Daniel Sea. Ana familia, ana watoto, ametulia. Shane anamwomba radhi kwa namna walivyomtendea. Tukio ni jepesi kama tamthilia, kila mtu anajua kwamba Shane anasema kwa niaba ya chumba cha waandishi. Nililitazama mara tatu. Max hana haja ya radhi hiyo; ameshaishi bila yao. Anaipokea kwa adabu, kama unavyopokea deni ulilokwisha kulisahau.

Msimu huo uliisha Januari 2023 kwa harusi ya Bette na Tina, ile ambayo sheria ya California isingewaruhusu walipotuaga mara ya kwanza. Machi 2023 Showtime kikaifuta tamthilia. Kituo kilikuwa kinaunganishwa na Paramount+, na kwenye muungano wa namna hiyo vitabu vya hesabu hupunguzwa kwa panga. Ada za wateja zilizoiwezesha The L Word kuzaliwa mwaka 2004 ndizo zilizokuwa zinagombewa sasa na majukwaa mengi mno, na watazamaji wachache waaminifu hawakuwa tena hazina, walikuwa wachache tu. Wakati huohuo taarifa zilisema kuna mpango wa toleo jingine, Chaiken akirudi usukani, hadithi ikihamia New York.

Leisha Hailey na Katherine Moennig, yaani Alice na Shane, walianzisha podikasti yao mwaka 2020. Wanakatizana maneno, wanabishana, wanamkumbuka Dana. Huwa nawasikiliza nikiwa jikoni.